Mizani, Daftari na Mkutano: Namna ya Kuanzisha Ushirika wa Wakulima

Leo nataka kunena nanyi juu ya jambo lililo karibu na kila nyumba ya mkulima, nalo ni kuuza mazao. Juu ya kulima tumefundishwa mengi: kupanda kwa mistari, kutia samadi, kupogoa mibuni, kuzuia maji yasichukue udongo. Lakini juu ya kuuza tumefundishwa machache mno. Na jasho la miezi minane laweza kupotea kwa asubuhi moja mbele ya mizani ya mnunuzi.

Mkulima auzaye peke yake ana udhaifu wa namna tatu. Wa kwanza ni uchache wa mali yake. Ana magunia mawili matatu ya mahindi, au debe chache za kahawa. Mwenye kinu aliye mjini hawezi kutuma lori milimani kwa ajili ya magunia matatu. Basi huja mchuuzi, anazunguka nyumba kwa nyumba, anakusanya kidogo kidogo, na kwa taabu yake hiyo hujikatia fungu lake. Simlaumu mchuuzi kwa kutaka faida, kwa maana naye analipa lori, magunia na vibarua. Nasema tu ya kuwa kazi anayoifanya, yaani kukusanya, wakulima wenyewe waweza kuifanya, na fungu lile likabaki kwao.

Udhaifu wa pili ni haraka. Karo ya shule haingoji, wala ugonjwa wa mtoto haungoji. Mtu mwenye shida leo hatangoja bei ipande baada ya miezi mitatu. Wengine huuza hata kabla ya kuvuna, kahawa ingali kijani mtini. Katika nchi ya Bukoba biashara hiyo ina jina lake, huitwa butura. Na aliyeuza kwa butura hulima shamba lake mwenyewe kama kibarua, kwa kuwa mavuno yamekwisha kuwa ya mwingine.

Udhaifu wa tatu ni kutojua. Mnunuzi anajua bei ya mjini jana na leo. Mkulima anajua bei aliyoambiwa na mnunuzi. Watu wawili wakiingia katika mapatano, na mmoja wao amefungwa macho, mapatano hayo hayawezi kuwa ya haki, hata kama hakuna aliyesema uwongo.

Dawa ya udhaifu huo wa namna tatu ni moja, nayo ni kuuza pamoja. Walakini, kuuza pamoja si jambo la kusema tu. Wahenga walinena: Jifya moja haliinjiki chungu. Chungu cha ushirika nacho kina mafiga yake matatu, nayo ni mizani, daftari na mkutano. Likiondoka moja, chungu kitapinduka, na chakula chote kitamwagika motoni. Nitawaeleza habari za kila moja. Lakini kwanza yatupasa kujua ushirika ni kitu gani.

Chama cha ushirika si chama cha kusaidiana msibani, wala si duka la mtu mmoja, wala si idara ya Serikali. Ni biashara ya wanachama wenyewe. Katika kampuni, mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Katika ushirika, mwenye shamba kubwa na mwenye shamba dogo, kila mmoja ana kura moja tu. Na faida ikipatikana, hugawanywa kwa kadiri ya mali ambayo kila mtu aliileta kwa chama. Kanuni hizi ziliwekwa wazi katika mji wa Rochdale nchini Uingereza mwaka wa 1844. Watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walichanga kidogo kidogo mpaka kila mmoja akatimiza pauni moja, wakafungua duka dogo la unga, siagi, sukari na mishumaa. Wao walishirikiana katika kununua. Wakulima wetu hushirikiana katika kuuza. Lakini msingi ni ule ule.

Wala mtu asidhani ya kuwa jambo hili ni geni kwetu. Watu wa Kilimanjaro walikuwa wakichimba mifongo, yaani mifereji ya kuleta maji kutoka mitoni mpaka vihambani, tangu zamani kabla ya kuja Wazungu. Hakuna mtu awezaye kuchimba mfongo peke yake. Waliuchimba pamoja, wakagawana zamu za maji, na asiyetokea siku ya kuusafisha alitozwa faini. Ukitazama vema, humo mna mali ya wote, kazi ya wote, na sharti linalomshika kila mtu. Ushirika wa kuuza mazao ni mfongo wa namna nyingine: badala ya kuleta maji shambani, unapeleka mavuno sokoni na kuleta fedha nyumbani.

Na huko Kilimanjaro ndiko tupatapo mfano mzuri wa kujifunza. Mibuni ilipandwa katika misioni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na polepole wenyeji wakaanza kuipanda katika vihamba vyao, chini ya kivuli cha migomba. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918 kilimo hicho kilienea, na Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Moshi, alikitia moyo. Lakini walowezi wengi waliokuwa na mashamba makubwa hawakupendezwa. Walisema ya kuwa kahawa ya wenyeji italeta magonjwa ya mimea. Tena waliogopa ya kuwa mtu mwenye kahawa yake hatakuja kuwa kibarua katika shamba la mwingine. Basi mwaka wa 1925 wakulima wenyeji waliunda chama chao cha wapanda kahawa, na rais wake wa kwanza alikuwa Bwana Joseph Merinyo. Kazi yake ilikuwa kulinda haki ya kulima kahawa, kupiga vita wadudu waharibifu, na baadaye kuuza kahawa ya wanachama kwa pamoja.

Bei za dunia ziliposhuka baada ya 1929, chama kile kikaingia katika taabu za fedha. Mwaka wa 1932 Tanganyika ikapata sheria ya vyama vya ushirika, na tarehe 1 Januari 1933 kikaandikishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kijulikanacho mpaka leo kwa herufi zake, KNCU. Kilianza na vyama vya msingi 11.

Tafadhali mwangalie jinsi kilivyojengwa, kwa maana hapa ndipo penye siri ya ushirika wa nchi nzima. Hakikuanza juu kikashuka chini. Chini kulikuwa na chama cha msingi, cha watu wa mtaa mmoja wanaojuana kwa majina. Mkulima alileta kahawa yake huko, ikapimwa, ikaandikwa, akapokea malipo ya kwanza. Juu kulikuwa na chama kikuu mjini Moshi, kilichokusanya kahawa ya vyama vyote na kutafuta wanunuzi wakubwa. Kahawa ilipokwisha kuuzwa na gharama kutolewa, baki ilirudi kwa mkulima kuwa malipo ya pili. Chama kidogo kilikuwa macho ya kumwangalia mkulima na mali yake. Chama kikubwa kilikuwa mikono ya kufika mbali.

Sasa, ikiwa watu wa kata yenu wanataka kuanza, waanzie wapi? Wengi huanza kwa kujenga ghala au kuchagua mwenyekiti. Mimi nasema, anzeni kwa kumtafuta mnunuzi. Watu wawili watatu waaminifu waende mjini, kwa mwenye kinu, kwa bwana wa shule ya bweni, au mahali pa mnada wa zao lenu, wakaulize maneno manne: Unataka zao gani? Kiasi gani? La ubora gani? Utalipa lini? Majibu yaandikwe. Kisha warudi, waite watu, na kila mkulima aseme atatoa magunia mangapi. Hapo mtajua kama mali yenu inatosha kujaza lori au haitoshi.

Natoa mfano wa hesabu. Si bei ya soko lolote, ni hesabu ya kufundishia tu. Tuseme wakulima 40, kila mmoja ana magunia 3 ya mahindi, jumla magunia 120. Mchuuzi hutoa shilingi 50,000 kwa gunia pale kijijini. Mwenye kinu mjini hutoa 70,000. Lori moja la kuchukua magunia yote ni shilingi 600,000, yaani 5,000 kwa kila gunia. Magunia na ulinzi wa ghala ni 2,000, na akiba ya chama ni 3,000. Ukitoa 10,000 katika 70,000, mkulima anabaki na 60,000. Amepata shilingi 10,000 zaidi kwa kila gunia. Na kwa watu 40 wote, ni shilingi 1,200,000 ambazo zingekwenda nje ya kijiji.

Lakini hesabu haijaisha. Tuseme nusu ya watu, usiku wa kuamkia siku ya lori, wanamwuzia mchuuzi kwa siri kwa kuwa ameongeza shilingi 2,000. Yamebaki magunia 60, na lori ni lile lile la 600,000. Sasa kila gunia linalipa 10,000 za lori badala ya 5,000, na waliosimama imara faida yao imepungua nusu. Tena tuseme mtu mmoja ametia mahindi yenye unyevu katikati ya gunia lake, na mwenye kinu, akiisha kuona, anapunguza bei ya mzigo wote kwa shilingi 6,000 kila gunia. Kwa magunia 120, hila ya mtu mmoja imekula shilingi 720,000 za wenzake. Ndipo mjue kwa nini chama hakiwezi kuishi bila masharti yaliyoandikwa, wala masharti hayawezi kuishi bila adhabu.

Nayaendea sasa yale mafiga matatu.

Figa la kwanza ni mizani. Katika nchi ya Usukuma, wakulima wa pamba walilalamika kwa miaka mingi ya kuwa mizani za wanunuzi zinawapunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliamua kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu apime pamba yake kwanza kabla ya kumfikia mnunuzi, na hivyo aende akijua uzito wa mali yake. Katika juhudi hizo, zilizoongozwa na Bwana Paul Bomani na wenzake, vikazaliwa vyama vingi vya msingi, na mwaka wa 1955 vikawa na shirikisho lao, Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Viktoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Jambo kubwa hivyo lilianza kwa mizani. Basi mizani ya chama iwe mahali pa wazi, uso wake umwelekee mkulima, na kabla ya kupima, liwekwe juu yake jiwe la uzito unaojulikana, watu waone ya kuwa inasema kweli. Na mali ibaguliwe kwa ubora hapo hapo, mwenyewe akiwapo. Aliyeleta safi alipwe cha safi, na aliyeleta chafu arudishiwe akaipepete.

Figa la pili ni daftari. Tuna methali isemayo: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mtu aletaye mali apewe stakabadhi yenye jina lake, tarehe, uzito, daraja la ubora na fedha aliyopokea. Nakala yake ibaki katika kitabu cha chama. Anayeandika daftari asiwe ndiye anayetunza fedha, na anayetunza fedha asiitoe bila sahihi ya mtu wa pili. Hiyo si dharau kwa watumishi wa chama. Ni kuwakinga, kwa maana mtu mwaminifu aliyeachwa peke yake na fedha za watu wengi hana shahidi siku atakaposingiziwa. Na kila mwaka hesabu zikaguliwe na mkaguzi kutoka nje, asiyekuwa ndugu wala rafiki wa kamati.

Figa la tatu ni mkutano. Hapo kila mwanachama, mume kwa mke, ana kura yake. Nasema mume kwa mke kwa sababu ya jambo linalosahauliwa: mara nyingi mama ndiye achumaye kahawa, ndiye aianikaye, ndiye aibebaye kichwani mpaka ghalani, lakini jina lililo katika daftari ni la baba, na fedha inapokewa na baba. Chama chenye busara humwandikisha kila mkulima kwa jina lake. Mkutanoni hesabu isomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wanaielewa, na maswali yajibiwe. Viongozi wachaguliwe kwa muda maalum, na muda ukiisha, wachaguliwe tena au waondoke.

Mkiisha kukubaliana juu ya hayo, andikeni masharti yenu, changeni kiingilio na hisa, kisha mwende kwa afisa wa ushirika wa wilaya, naye atawaonyesha njia ya kuandikishwa kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria: chaweza kufungua hesabu benki, kufanya mkataba na mnunuzi, na kumshitaki asiyelipa. Chama kisichoandikishwa ni maneno ya watu chini ya mti. Tena msiharakishe kuunda chama kikuu. Kwanza vyama vya msingi vitatu vinne viuze misimu miwili kwa uaminifu. Kisha vikae pamoja na kuangalia ni kazi gani ambayo kila kimoja peke yake hakiwezi, kama vile kujaza oda kubwa, kununua mbolea kwa jumla, au kukodi ghala mjini. Kazi hiyo, na hiyo tu, ndiyo wakipe chama kikuu.

Sitawaficha ya kuwa ushirika umepata kuanguka. Huko huko Kilimanjaro, mwaka wa 1937, bei ilikuwa imeshuka, na amri ilikuwa imetolewa ya kuwa wenyeji wauze kahawa yao kwa njia ya chama tu. Watu wengi waliona malipo ni madogo, wakaingiwa na shaka juu ya mambo ya chama, na mwisho wakayashambulia baadhi ya maghala. Kisha, mwaka wa 1976, Serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na kazi zao wakapewa mamlaka za mazao na serikali za vijiji. Sheria ya mwaka wa 1982 ilivirudisha, na chama kikuu cha Kilimanjaro kikafufuliwa mwaka wa 1984; lakini baadhi ya vyama vikuu nchini vilielemewa na madeni, na wanachama wake walikuwa wamezoea kuagizwa, si kuuliza. Tangu msimu wa 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua kahawa tena, na hapo kila chama kilipimwa kwa swali moja: je, mkulima akiwa huru kwenda kokote, atakuja kwako?

Katika habari zote hizi naona fundisho moja. Pale mkulima alipokifahamu chama kuwa chake, alivumilia nacho hata bei ilipokuwa mbaya, maana aliona kwa macho ya kuwa fedha haikuliwa bali haikuwapo. Pale alipokiona kuwa cha Serikali, au cha karani, au cha wakubwa wa mjini, alikikimbia siku ya kwanza ya shida. Hatuwezi kuiamuru bei ya dunia. Hata kahawa ya Moshi hufuata bei zinazopangwa katika masoko ya mbali, huko London na New York. Lakini twaweza kuhakikisha ya kuwa kila shilingi inayofika inaonekana ilipitia wapi.

Neno langu la mwisho ni kwenu, wanafunzi. Wazee wenu wengi wanayo makaratasi ya mauzo, wameyakunja na kuyaweka chini ya mto au ndani ya sanduku, wala hawajui yasemavyo. Jioni hii mwombe baba, au mama, au babu, kwa adabu, akupe stakabadhi zake za msimu uliopita. Zisome kwa sauti. Jumlisha uzito, zidisha kwa bei, toa makato, uone kama jibu lako ni sawa na fedha iliyolipwa. Ikiwa ni sawa, mwambie, naye atafurahi. Ikiwa si sawa, iandike tofauti hiyo vizuri katika karatasi, umpe mzee wako aende nayo kwenye mkutano, asimame na kuuliza.